Kwa mwanangu aliyechaguliwa mzee wa kanisa

Mwanangu, kamwene.

Habari ya kuchaguliwa kwako kuwa mzee wa kanisa nimeipata, na nimefurahi kweli. Marehemu baba yako angekusanya majirani na kuchinja. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nionane na mama wa yule binti anayekusaidia kazi hapo nyumbani. Nimeonana naye, kwa hiyo barua hii si ya pongezi tu.

Binti hajalipwa miezi minne. Mama yake hakuja kwangu kushtaki. Alikuja kuniuliza kama nina mbolea ya kumkopesha, maana viazi vimeshaota na hela aliyoitegemea kwa mwanawe haijafika. Aliniuliza huku anatazama chini, kama vile yeye ndiye mwenye deni. Na unakumbuka ni mimi niliyekwenda kwake kukuombea huyo mtoto. Nilimwambia mwanangu ni mtu wa kanisani, usiwe na wasiwasi. Neno hilo ndilo lililomfanya akubali.

Nilipokuja huko Dar kwa ubatizo wa mjukuu wangu nilikuona kwenye mnada baada ya ibada. Jogoo alianzia elfu kumi, akapanda, wewe ukammaliza kwa laki moja, kisha ukamrudisha anadiwe upya. Watu walishangilia na jina lako likatajwa kwenye kipaza sauti. Mimi mnada siulaumu. Makanisa mengi ya huku kwetu yameezekwa kwa mayai na maboga ya wajane, na wenye fedha ndio wanaoyageuza kuwa bati na saruji. Lakini binti mlikubaliana elfu sitini kwa mwezi, kile kiwango cha chini kabisa ambacho serikali ilikipanga kuanzia Januari 2023 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake. Jogoo yule alikuwa mshahara wake wa mwezi na nusu na zaidi. Fedha uliyoshangiliwa haikuwa yako yote, baba.

Wewe Biblia unaijua. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza mshahara wa mtu uliyemwajiri kulala kwako mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu! Yakobo, katika sura ya tano, anawaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimefika masikioni mwa Bwana. Na Yesu mwenyewe, Mathayo 5, anasema ukiwa umefika na sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, nenda ukapatane naye kwanza. Nimelisikia andiko hilo likihubiriwa kwa wanandoa, kwa wanakwaya waliogombana, kwa majirani wenye kesi ya mpaka wa shamba. Sijawahi kulisikia likihubiriwa kwa mtu anayedaiwa na dada wa kazi, na ndiye hasa ninayemwona ameshika bahasha kila Jumapili.

Kuna jambo jingine nililiona, na limeniumiza kuliko hata fedha. Jumuiya ilisali kwenu. Binti aliamka saa kumi, akakaanga maandazi, akachemsha chai, akapanga viti, akapokea watoto wa wageni. Mlipoanza kuimba yeye alikuwa jikoni. Somo likasomwa, yuko jikoni. Mlipokwisha kula ndipo alipokuja kukusanya vyombo, na alichokula yeye ni kile kilichobaki chini ya sufuria, amesimama karibu na sinki. Mlikuwa wacha Mungu zaidi ya kumi sebuleni, na hakuna aliyesema, njoo ukae na sisi.

Wakorintho walikaripiwa kwa jambo la namna hii hii. Wenye nafasi walitangulia kula, wengine wakabaki na njaa, na Paulo akawaambia kwamba hicho wanachokula si chakula cha Bwana, maana wanawatahayarisha wasio na kitu. Hakuwaambia wamekosa adabu ya mezani. Alisema wanalidharau kanisa la Mungu.

Halafu Jumapili. Wakati wa kipaimara mliikariri amri ya tatu kwa kifupi, kuitakasa siku ya Sabato, basi. Ifungue yote, Kumbukumbu la Torati 5:14 na 15. Mungu anawataja mtumwa na mjakazi, kwamba nao wapumzike kama wewe, na anatoa sababu: nawe ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Binti huyu aliimba kwaya hapa kijijini tangu Shule ya Jumapili. Tangu aje kwenu hajaingia kanisani, kwa sababu ninyi mnapokwenda lazima mtu abaki na mtoto na kuivisha chakula cha mchana. Hata Sheria ya Ajira ya mwaka 2004, ambayo haihubiri, inampa saa 24 za kupumzika kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka.

Najua utasema, mama, sisi tunakaa naye kama mtoto wetu. Kila nyumba inasema hivyo. Mtoto wenu angekuwa anakula kwenye sinki? Na utasema mambo ni magumu, kuna mkopo wa gari na ada. Ninaamini. Lakini ugumu huo mmeutua wote juu ya mtu mmoja, yule asiye na pa kwenda kusema, na ahadi ya jengo la kanisa hamkuipunguza hata shilingi.

Ninyi vijana mkizungumza habari za Ukristo wa siku hizi mnawataja manabii. Mnataja Moshi, Februari 2020, watu 20 walivyokufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ni msiba mkubwa, na waliouleta watamjibu Mungu. Ila ni rahisi kuusema kwa sababu haututaji sisi wa madhehebu ya zamani, wenye liturujia na majoho. Nilisikia pia kwamba Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais Ruto katika parokia moja ya Kayole zirudishwe. Nilimheshimu sana. Natamani siku moja mchungaji wenu naye akurudishie bahasha, akuambie kalipe kwanza nyumbani.

Sasa fanya hivi. Laki mbili na arobaini umtumie binti mwenyewe kwenye simu yake, pamoja na ya kutolea. Usinitumie mimi, wala mama yake, ni jasho lake. Ahadi ya jengo kamwambie mwenyekiti wa kamati kwamba utaichelewesha, na umwambie sababu. Jumapili mpeane zamu na mkeo, mmoja abaki na mtoto. Krismasi mpeni nauli aje huku, siku zake zote za likizo, na mshahara wake usikatwe.

Msalimie mkwe wangu, mwambie haya nayasema kwenu wote wawili. Jumamosi jioni nitapiga simu. Mpe binti simu kwanza, niongee naye, kisha ndipo tuongee sisi.

Mama yako.