Mawazo mengi huku Nakivale

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, Uganda
Jumapili jioni

Mama Neema, rafiki yangu,

Sisi hatujambo, ila mvua imegoma na mahindi yamesinyaa. Juzi kabla salio halijakata uliniuliza hii kazi ya kufundisha watu kulea watoto wao ni kazi gani, ukacheka. Hata mimi nilicheka nilipoitwa. Nimezaa wanne, nani wa kunifundisha kulea?

Tunakutana Alhamisi chini ya mwembe, kina mama kumi na wanne wenye watoto wadogo. Nilidhani tutaongea uji na chanjo. Siku ya kwanza tukaambiwa tucheze! Ukae chini umfuate mtoto, usimwamrishe, akitia kizibo ndani ya kopo, nawe useme, "Umetia kizibo." Tulitazamana kama watu waliovuliwa nguo. Mmoja akasema kwao mama anayecheza mchana kweupe huitwa mvivu. Wiki ya tatu huyohuyo alikuja na mdoli wa majani makavu ya mgomba, kausokota mwenyewe, na hakutaka tuuguse.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni somo moja ambalo mtoto hakutajwa kabisa. Tuliulizwa: wewe mama, unalala usiku? Nani anakusikiliza? Kimya. Kisha mama mmoja anayeuza mukene, dagaa wa huku, akasema tangu avuke mpaka wa Kongo pale Bunagana hajamwimbia mtoto wake wa mwisho. Anampenda, ila sauti haitoki. Huku husikii mtu akisema sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito. Tunasema tuna mawazo mengi, basi. Mtoto wake ana miaka miwili na maneno mawili, kutwa analia. Mimi nilikuwa nikimwita mkorofi, tena mbele ya watu.

Kumbe mambo haya yalishajaribiwa Lira, kule kaskazini mwa Uganda. Kina mama walikutana mara 12, wakiongozwa na wenzao wa kijijini, si madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: watoto walielewa maneno zaidi na walichangamka akili kuliko wa vijiji ambavyo havikupata mafunzo, na mama zao huzuni ikapungua. Ila kwa urefu watoto hawakuwazidi wenzao wa vijiji hivyo vingine. Hapo ndipo ninapowabana wakubwa wetu, maana chakula cha mgao kimepunguzwa, na wapo wanaoongea kana kwamba wimbo unashibisha.

Fimbo je? Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 iliikataza shuleni. Ya nyumbani haikuguswa, na wenzangu wanaijua tofauti hiyo kuliko mawakili.

Shida yangu ni akina baba. Wanasema hayo ni ya wanawake. Nimesikia kuna mpango wa malezi uliotungwa na watu wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzao, ambao kwanza huwakalisha baba peke yao na mama peke yao, ndipo huwachanganya. Tena huwashika pale wanapoumia: heshima ya nyumba. Huyo aliyeufikiria anawajua wanaume. Baba Baraka, si unamfahamu, alinijibu kwamba heshima hailetwi na kucheza na vizibo. Majuzi nikamkuta nyuma ya jiko na kitinda mimba wetu, wanahesabu maharage, nusu yamemwagika. Nilirudi kinyumenyume, asijue nimemwona. Maharage yenyewe nilikuwa nimeyapima ya siku mbili, lakini nilinyamaza.

Mama wa mukene bado haimbi. Alhamisi iliyopita alipiga mluzi, na mtoto akageuka.

Ukija Mbarara mwezi ujao, mwombe fundi wako vile vipande vya vitenge anavyotupa. Rangi yoyote. Midoli ya majani ya mgomba inaoza mvua ikinyesha, ingawa kwa mvua hii sijui kama nina haki ya kulalamika. Na uniambie Neema ameanza kusema nini.

Wako,
Mama Baraka