Kabla hamjafungua boksi la Ticket to Ride

Wateja wanaokodi Ticket to Ride, mchezo wa mezani wa kujenga reli, dukani kwetu hapa Mbeya mara nyingi hurudi na malalamiko yanayofanana: mchezo umechukua saa tatu, watoto wamenuna, mtu ameshinda na hakuna aliyeelewa ameshindaje. Boksi linasema dakika 30 hadi 60, wachezaji 2 hadi 5, umri kuanzia miaka 8, na ndivyo ulivyo. Ukivuka hapo sana, ujue kuna sheria imerukwa.

Tunazungumzia ramani ya Marekani, ile ya mbunifu Alan R. Moon iliyotoka 2004. Kila mchezaji anapewa kete 45 za mabehewa, karata 4 za rangi, na tiketi 3 za safari, kila moja ikitaja miji miwili ya kuunganishwa; atabaki na angalau 2. Karata 5 zinawekwa wazi mezani, zilizobaki zinakaa kifudifudi. Rangi ya kete zako haihusiani kabisa na rangi ya njia, yaani kipande cha reli kati ya mji na mji kwenye ramani. Mwenye kete nyekundu anajenga njia ya bluu kwa karata za bluu. Njia ya kijivu inakubali rangi yoyote, mradi karata zote ziwe za rangi moja.

Katika zamu yako unafanya jambo moja tu: unachukua karata mbili, au unajenga njia moja, au unavuta tiketi mpya 3 na kubaki na angalau 1. Kuchukua karata na kujenga papo hapo hakuruhusiwi, na hapo ndipo familia nyingi zinapokosea.

Kosa linalofuata ni kichwa cha treni, karata inayosimama badala ya rangi yoyote. Ukikichukua kikiwa wazi mezani, zamu yako imeisha, kwa sababu kinahesabiwa kama karata mbili. Kwa hiyo huwezi pia kukichukua wazi kama karata yako ya pili. Ukikipata kwa bahati kwenye rundo lililofunikwa, ni karata ya kawaida. Vikitokea vitatu kati ya karata tano za wazi, zote tano zinaondolewa na kuwekwa nyingine. Msipozingatia hili, anayekaa karibu na rundo hukusanya vichwa na wenzake hubaki wakisubiri rangi.

Mkiwa wawili au watatu, penye njia mbili sambamba inatumika moja tu; ya kwanza ikijengwa, ya pili imefungwa. Ramani ni pana, na bila sheria hiyo hakuna anayembana mwenzake. Mkiwa wanne au watano zote zinatumika, ila mtu mmoja hawezi kuchukua zote mbili.

Saa tatu zile zinatokana na mwisho. Mchezo haungoji kila mtu amalize kete. Mara mmoja anapobakiwa na kete 2 au pungufu, kila mchezaji, naye akiwemo, anapata zamu moja ya mwisho, basi.

Kwenye hesabu, njia ya behewa 1 ni pointi 1, 2 ni 2, 3 ni 4, 4 ni 7, 5 ni 10 na 6 ni 15. Njia moja ya mabehewa sita inazishinda kwa mbali njia sita za behewa moja moja, ambazo jumla yake ni 6 tu. Mwenye reli ndefu zaidi isiyokatika anaongeza 10. Tiketi ikitimia unapata pointi zake, isipotimia unakatwa pointi hizo: Los Angeles–New York ina pointi 21, kwa hiyo kuikosa badala ya kuitimiza ni tofauti ya pointi 42. Na tiketi haitimii nusu. Mwenye tiketi ya Dar es Salaam–Mbeya akishushwa Makambako, hajafika. Tofauti na reli ya TAZARA, humu unaweza kuzunguka njia yoyote mradi miji miwili iungane.

Wenye watoto wadogo, ondoeni kwanza tiketi nne za pointi 20 na zaidi: Seattle–New York, Los Angeles–New York, Los Angeles–Miami na Vancouver–Montréal. Mtoto akianza na Denver–El Paso ya pointi 4 anafika, anafurahi, anataka tena. Mtoto anayelia akizibiwa njia atapenda toleo la Europe la 2005, lenye stesheni tatu kwa kila mchezaji za kupitia njia ya mwenzake. Lakini lina mahandaki na feri, kwa hiyo msianzie hapo.

Boksi tunalihesabu mbele yenu mkichukua na mkirudisha: karata za treni 110, yaani 12 kwa kila rangi kati ya nane na vichwa 14, halafu tiketi 30. Kete ikipotea, boksi lina chache za akiba. Karata hazina, na zikipungua mbili tatu za rangi moja, njia ndefu za rangi hiyo zinakuwa ngumu kujengwa. Msimu wa mvua msiliweke kwenye sakafu ya saruji, karata zinavuta unyevu na kujikunja. Zikilowa, zitandazeni mezani mbali na jiko la mkaa, kisha mtuambie mnaporudisha.