Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Pori Letu Si Ardhi Tupu

Ndugu wanachama,

Tangu tukutane hapa Farkwa, wilayani Chemba, mwaka jana, kazi yetu kubwa imekuwa moja: kuliandikisha pori kabla mwingine hajajiandikishia.

Wengi mnauliza karatasi za nini, wakati babu zetu Wasandawe walirina asali na kuchimba mizizi humo bila hata kipande cha karatasi. Jibu limo kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile inayosimamiwa na serikali kuu badala ya kijiji, inaingiza hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumika. Sasa Msandawe akiingia porini akarudi na kibuyu cha asali, anaacha alama gani? Hakuna shina la alizeti, hakuna boma. Mgeni akitazama, anaona patupu.

Ndicho kilichotukuta kiangazi. Kwenye rasimu ya ramani ya matumizi ya ardhi, eneo letu la mizinga lilipakwa rangi ya mashamba. Mzee wetu mmoja akaomba kalamu, akaanza kutia nukta: mbuyu wenye nyuki, kisima cha mchangani, mahali pa kuchimba mizizi mwaka wa njaa. Alitia nukta mpaka wino ukafifia, na mtaalamu aliyekuwa amesimama akavuta kiti. Ramani ilirudishwa kurekebishwa. Bado tunaisubiri.

Wenzetu Wahadzabe wa Yaeda Chini, kule Mbulu, walipata hati ya kimila ya pamoja, yaani hati ya ardhi kwa jamii nzima, mwaka 2011. Nasisitiza ya pamoja. Shamba la mtu mmoja huuzwa mtoto akiugua. Pori la wote lina wa kulikatalia.

Akina mama, Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina wajumbe 7, na 3 lazima wawe wanawake. Msikae humo kujaza viti. Wachimba mizizi ni ninyi, mipaka mnaijua kutushinda.

Kuhusu mradi wa bwawa la Farkwa: Dodoma mjini wanahitaji maji, hilo hatubishi. Tunachouliza ni mbuyu wenye nyuki utahesabiwa na nani siku ya fidia.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Nauli za kwenda wilayani zimetumeza, na kosa ni langu: safari mbili za mwanzo tulirudi mikono mitupu kwa sababu sikubeba muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

Leo kabla ya kutawanyika, kila mwenye mzinga apite kwa katibu aonyeshe ulipo. Daftari analo, na safari hii amekuja na kalamu mbili.

Mwenyekiti