Samaki wa bandia asiende gwaride

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu zile taa.

Kwa asiyezijua: mwaka jana wavuvi wa kwetu upande wa Wesha waligaiwa samaki wa bandia wa plastiki, wenye betri tumboni na kitaa kinachowaka na kuzimika. Waliowaletea, ambao siwataji kwa kuwa nia yao ilikuwa njema, waliwaambia kwamba taa ikimulika samaki watasogea wenyewe. Leo ukipita mtaani kwangu utakiona kimoja kimefungwa nyuma ya baiskeli ya mtoto wa jirani. Kingine ami yangu amekitundika ukumbini, na kila umeme ukikatika kinatusaidia kutafuta viatu.

Sipingi taa. Dagaa anavuliwa kwa taa, na ngisi pia, na wote wanajua kwamba usiku wa mwezi mpevu kazi hiyo hailipi. Lakini hivi vilitolewa kwa ajili ya kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, tena mchana, saa tatu au nne ya asubuhi, jua liko juu ya maji. Taa ya ukubwa wa punje ya dengu inafanya kazi gani hapo? Na betri iliingia maji wiki ya pili.

Mimi ni fundi saa. Nimekaa na kioo jichoni miaka 31 hapa Chake Chake, na tangu watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, mezani pangu hukaa zaidi vumbi kuliko saa. Ndiyo maana ami, mdogo wake marehemu baba, aliponiletea kile cha taa kikiwa kimekufa nikitie betri mpya, nilipata nafasi ya kukifungua na kukitazama vizuri. Nilichoona kilinichekesha. Fedha yote ilikuwa imeingia kwenye taa. Mwili wenyewe ulikuwa gunzi la plastiki. Ukiuvuta majini unakuja umenyooka, hautikisi hata mkia.

Nikamwambia ami, "Nitakutengenezea wa kwangu, wa mashine." Akacheka, akasema, "Haya, fundi."

Wa kwanza nilimpa springi ya saa ya mezani. Unamtia ufunguo mgongoni, unamtupa majini, anapiga mkia mwenyewe. Kwenye beseni la mke wangu alikuwa anapendeza kweli kweli. Baharini alikwenda dakika nne, springi ikaisha, na ami akawa amevuta pima ishirini za mshipi wa kuvulia ili amtie ufunguo tena. Alifanya hivyo mara mbili kwa heshima yangu. Mara ya tatu alinitazama tu. Halafu kutu. Gia za saa ni za shaba, vijiti vyake vya chuma; chuma na shaba vikikaa pamoja katika maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Siku kumi baadaye nilipomfungua, vijiti vilikuwa vimebaki kama sindano.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo fundi saa alitakiwa alikumbuke mapema: chombo kinakwenda, maji yanapita, kwa hiyo nguvu ipo na haina haja ya ufunguo. Wa pili nikamtia puani panga dogo kama la feni, la bati la alumini, linalozungushwa na maji yenyewe. Ngalawa ya ami ikipata upepo mzuri inakwenda kama mita mbili kwa sekunde. Panga langu, kwa hesabu ya karatasi, linazunguka mara moja kila sentimita kumi, yaani mara 20 kwa sekunde. Samaki gani anapiga mkia mara 20 kwa sekunde? Huyo si samaki, ni nyuki. Basi nikapanga gia zipunguze mara 24, na gurudumu la mwisho, linalozunguka polepole, nikalitia vijiti sita vya kusukuma mkia. Vyuma vyote nikavitoa kwenye spoku za baiskeli zisizoshika kutu, na mhimili nikauzungushia ndani ya kipande cha mkarafuu mkavu. Meli za zamani zilikuwa zikizungushia mhimili wa panga ndani ya mbao ngumu namna hiyo, maji yenyewe ndiyo mafuta. Nilijivuna nalo jambo hili, nakiri.

Kumjaribu ilikuwa shida. Birika la msikiti lilinifaa kwa urefu, lakini muadhini alinikuta na akanieleza birika lile limejengwa kwa kazi gani. Mwishowe nikapata boti ya faiba iliyopasuka ubavu, nikaiziba, nikaijaza maji uani, nikawa namvuta samaki kwa uzi huku kijana wangu akinihesabia.

Alikwenda vizuri mno. Tuk, tuk, tuk, tuk, kama saa. Ami akaja kumwona. Akachuchumaa kando ya boti akamtazama anavyokwenda na kurudi, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii: "Mwanangu, samaki wako anakwenda gwaride. Samaki mgonjwa haendi gwaride."

Nikamuuliza mgonjwa anakwendaje. Hakujibu kwa maneno. Alichukua ule uzi mkononi mwangu, akavuta kidogo, akavuta tena, akaulegeza. Akangoja. Akashtua mara moja. Akangoja tena, kidogo zaidi. Miaka yangu yote nimemwona akikaa nyuma ya ngalawa, mshipi umezunguka kidole cha shahada, mkono unatikisika, nami nikidhani ni uzee.

Mhariri, sisi mafundi saa maisha yetu yote tunapigana na saa isiyokwenda sawa. Anayekuja dukani anataka pigo moja lifanane na jingine. Kumbe nguru anataka kinyume. Nguru, kolekole, mzia, hawa wanakula samaki wadogo wanaokwenda kwa makundi, mamia wamefanana, wanageuka pamoja. Anayeliwa kwanza ni yule ambaye hakugeuka na wenzake. Kuna mtu mmoja wa Finland, Lauri Rapala, naye mvuvi, aliyaona hayo katika ziwa la kwao. Mwaka 1936 akachonga samaki kwa ule mti laini wa vizibo vya chupa, akamvika karatasi ya fedha ya chokoleti, na akamtengeneza ayumbe kama aliyejeruhiwa. Jina lake leo liko kwenye maboksi ya samaki wa bandia dunia nzima, pamoja na yale yanayouzwa Darajani, sokoni kule Unguja, kwa bei ambayo ami hatailipa. Hakuweka taa.

Na si jicho tu linalodanganywa. Kila aliyewahi kupara kolekole anaujua ule mstari wa ubavuni, unaoanzia nyuma ya shavu na kuishia mkiani kwa magamba magumu kama msumeno, yale yanayokata vidole. Huo si urembo. Kwa mstari ule samaki anahisi maji yanavyotikisika karibu naye, hata asipoona. Kwa hiyo samaki wa bandia anazungumza na ubavu wa mwenziwe kabla ya kuzungumza na jicho lake. Mpwa wangu yeye bado anagombana nami kuhusu rangi, anataka kila kitu chekundu. Nimemwambia nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea kadiri unavyoshuka chini, na samaki anayekuja kutoka chini anaangalia juu penye mwanga, anaona kivuli tu. Mpwa wangu hasikii. Apake.

Niliporudi mezani nilifanya jambo ambalo fundi wangu aliyenifundisha angenipiga kofi: nilivunja vijiti viwili katika vile sita, makusudi, vilivyofuatana. Sasa mkia ukawa unapiga mara nne, unanyamaza, unapiga tena. Mzunguko mzima sekunde moja na kidogo. Akawa kilema. Ami alipomwona alisema "Ahaa" na hakusema zaidi.

Tukamtoa baharini mwezi wa Disemba, kaskazi imeshaingia, nje ya kisiwa cha Misali upande wa mkondo, kule ambako maji yanageuka rangi ghafla na kina kinapita mita 800 ukiendelea mbele. Safari 11. Kila safari mishipi miwili, mmoja una samaki wangu, mwingine una chambo cha ami cha siku zote, manyoya meupe ya kuku na nyuzi za gunia la mbolea. Nusu ya njia tulikuwa tunabadilishana pande, kwa sababu ami anaamini mshipi wa goshini, upande unakotoka upepo, unakamata kuliko wa demani, upande wa pili, na sikutaka baadaye aniambie ni upande. Wangu ulitoa samaki 14, wa ami tisa. Wangu: kolekole na sehewa wengi, nguru watatu. Jodari hakuna hata mmoja, na huyo ndiye ambaye ami alikuwa anamtaka. Najua safari 11 si kitu. Ningetupa sarafu ningeweza kupata karibu na hayo. Lakini tangu siku hiyo ami hakuniuliza tena kuhusu manyoya.

Kisha mashine ikafa. Mchanga haukuiua, wala kutu. Iliuawa na majani. Yale majani membamba yanayoelea baada ya bamvua, maji yanapojaa sana, yalijisokota kwenye panga mpaka gia zikakwama, na samaki wangu wa gharama akawa gunzi kama lile la taa.

Nikakaa siku tatu nimeudhika. Siku ya nne nikachukua kipande cha msufi, ambao ni mwepesi na unachongeka kama sabuni, nikatoa mwili wa sentimita 17, nikaukata katikati na kuuunga kwa pete mbili. Risasi kidogo tumboni asipinduke. Waya mmoja kutoka puani hadi mkiani, nguru akimpasua mbao ndoana isipotee. Ndoana moja tu. Zile za meno matatu nimeziona zinavyoingia kwenye viganja vya watu wakati chombo kinayumba. Na puani ulimi wa mfuniko wa sufuria, ambao maji yakiusukuma mwili unayumba huku na huku. Ulimi huo niliukaza kwa makusudi ukiwa umekwenda upande, kama unene wa ukucha. Akivutwa anayumba sawa mara kadhaa, kisha maji yanamshinda, anaanguka ubavu, anajikusanya, anarudi. Hakuna gia. Hakuna panga. Gwaride limevunjika lenyewe.

Kuupata huo unene wa ukucha ndiyo ilikuwa kazi. Ukizidisha anazunguka kama pia na kusokota mshipi wote. Ukipunguza anarudi kwenye gwaride. Nimeharibu ndimi 19 kabla ya kuupata, na kila moja niliijaribu katika boti ile mbovu uani, maji yakiwa meusi kwa majani ya mwembe, nikikisia kinachotokea chini.

Ndipo lilipo ombi langu. Hatuhitaji kugaiwa taa nyingine. Tunazo taasisi zinazofundisha ufundi na sayansi hapa Zanzibar, na tunasikia uchumi wa buluu kila siku redioni. Basi mojawapo ijenge mfereji wa maji, mita sita zinatosha, ubavu mmoja uwe wa kioo, na pampu ya kuyasukuma maji. Hapo mchongaji wa Kojani au wa Tumbe, kwa wavuvi wa hapa Pemba, aje na kipande chake cha mti, akitie, akione kinavyokwenda kabla hajapoteza siku ya bahari. Na wanaogawa vifaa wavipitishe hapo kwanza, mbele ya wazee wawili watatu kama ami. Gunzi lile la taa lisingevuka dakika moja.

Kuna rafiki yangu aliyeniuliza kama hatutawamaliza samaki. Mshipi mmoja unatoa samaki mmoja kwa wakati, tena wa maji makubwa. Haugusi mwamba na hauzoi vitoto kama juya, ule wavu wa kukokota. Wenye haja ya kuulizwa swali hilo wapo, na wavuvi wenyewe wanawajua.

Kipimo cha mwili na ulimi nimekichora kwenye karatasi ya boksi. Gharama yake kwangu ni shilingi elfu tisa, na nyingi katika hizo ni ndoana. Anayetaka kunakili aje nilipo, karibu na soko la Chake Chake, aulize fundi saa, aje na msufi wake mwenyewe uliokauka. Ila asije Jumamosi asubuhi. Tuna ulimi wa 21 wa kujaribu, ami anasema huu ni wa jodari.

Fundi saa,
Chake Chake, Pemba