Usinikatie simu tena, dada

Dada, shikamoo.

Hela uliyoomba nimeituma jana. Nusu ni ya yale mambo yako, sikuulizi. Nusu ni ya kumpima Imu masikio, na hiyo naomba isiguswe.

Najua bado umeninunia. Tangu uliponikatia simu Jumapili ile, nasikia kwa watu kwamba nimemwita mwanao punguani. Mimi, niliyemchagulia jina? Neno nililotaja ni usonji, yaani hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti (Kiingereza autism), na usonji si laana wala si matusi. Tena sikusema anao. Nilisema apimwe.

Unasema amechelewa tu kuongea kama kaka, aliyefungua mdomo na miaka mitatu na leo hanyamazi. Sawa. Lakini Mama anasimulia kaka alivyokuwa akiona ndege: anamnyooshea kidole, halafu anakugeukia kuhakikisha nawe umemwona. Usitazame mdomo wa Imu, tazama kidole chake. Ana miezi 20 na hajawahi kukuonyesha kitu. Kwenye ile video alitaka kutoka, akaukamata mkono wako akaubandika kwenye kitasa, usoni hakukutazama kabisa, kana kwamba ameshika ufunguo. Halafu pale shavu lake liko sakafuni, anazungusha tairi la kigari. Umemwita mara sita, kimya. Simu yako ikalia, akageuka papo hapo! Nahisi anasikia vizuri, ila masikio yapimwe kwanza, tuondoe shaka.

Kinachonikosesha usingizi ni yale maneno yake mawili. Alikuwa anasema "taa" na "baba", mwenyewe ulinirekodia. Yamekwenda wapi? Mtoto akipoteza maneno aliyokwisha kuyapata, hasubiriwi akue.

Hilo la kwamba najifanya daktari limenichoma. Udaktari sina, lakini na watoto wa umri huo nashinda nao kila siku hapa kwenye kituo cha kulelea watoto. Mwezi uliopita nimefanywa mkuu wa chumba chao, mimi mgeni, juu ya wenyeji walionitangulia, na picha yangu imebandikwa mlangoni. (Habari za miguu tuziache.) Ipo fomu ya maswali 20, ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Akiitwa jina anageuka? Anakuletea kitu ukione tu, si umfungulie? Haitoi hukumu, inakuambia tu kama mtoto aonwe na mtaalamu. Nimekutumia. Ijaze pamoja na Mama, maana wewe utamtetea Imu kila swali.

Mjomba naye aache kuisingizia chanjo. Ule utafiti wa 1998 ulioyaanzisha maneno hayo, jarida lililouchapisha liliufuta lenyewe mwaka 2010. Na anayesema wewe ndiye umemlea vibaya, mpuuze. Zamani hata madaktari waliwatupia lawama akina mama, eti hawana upendo, mpaka wakaumbuka.

Jioni nikirudi, chumba kiko kimya, nafungua ile rekodi ya "taa". Sekunde chache tu. Naisikiliza nikivua viatu.

Jumapili nitapiga saa ileile. Ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini usikate. Imu mkalishe karibu na simu, na kigari chake. Asiponitazama hainiumi, nitasikia tairi likizunguka.

Mdogo wako