Barua ya wazi kwa watafiti chipukizi wa magonjwa ya kuambukiza

Wanangu,

Nawaandikia kwa sababu haupiti mwezi bila mmoja wenu kuniuliza afanye nini ili kazi zake zirejelewe zaidi, yaani zitajwe na waandishi wengine katika makala zao, na ni nadra mno kuulizwa ni swali gani la ugonjwa ambalo bado halijapata jibu. Siwalaumu, kwa maana ajira, ruzuku na vyeo hupimwa kwa hesabu hiyo, nami nimekuwa miongoni mwa wapimaji. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya kupandisha vyeo, na humo jina la mtafiti mmoja wa kichaa cha mbwa likaondolewa kwa dakika chache, kwa kuwa fahirisi yake ya h, kipimo cha marejeleo hayo, ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefungua maandiko yake. Mimi nilinyamaza, na kimya kile kinanisuta hadi leo.

Kwanza, basi, mkijue kipimo chenyewe. Mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005: mwenye fahirisi ya 10 ni yule ambaye makala zake 10 zimerejelewa kila moja mara 10 au zaidi. Aliyeandika makala mbili tu, hata kama kila moja imerejelewa mara 5,000, fahirisi yake haivuki 2. Tena fahirisi hiyo haishuki, hata mtu akikaa miaka 20 bila kuandika, kwa hiyo mkongwe humpita kijana kwa umri peke yake. Isitoshe, marejeleo hutoka kwa waandishi wengine, na waandishi hukusanyika penye fedha na penye hofu. Anayechunguza kichaa cha mbwa ana wenzake wachache wa kumrejelea, ingawa dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Hirsch mwenyewe alionya kwamba taaluma hazilingani katika jambo hili. Sisi wa kamati ndio tulioliweka kando.

Hebu tazameni habari ya Zika. Kirusi hicho kilipatikana mwaka 1947 katika damu ya kima aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, na mwaka 1952 Dick, Kitchen na Haddow wakakieleza katika jarida la magonjwa ya tropiki. Kwa zaidi ya nusu karne wagonjwa waliojulikana walikuwa wachache sana, na kazi ile ilikuwa na wasomaji wachache vilevile. Mlipuko ukatokea katika kisiwa cha Yap, kwenye Bahari ya Pasifiki, mwaka 2007, kisha mwaka 2015 Brazil ikaanza kuona watoto wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida, na ghafla kila maabara ikawa inaitafuta makala ya 1952. Waandishi wake hawakuwa wamebadilisha hata neno moja. Kama wangepimwa kwa marejeleo ya miaka yao 10 ya mwanzo, mtu angeweza kuwashauri waachane na virusi vya msituni.

Kinyume chake nacho kipo, nacho kinaniuma zaidi. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyotumiwa kuihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, lakini imerejelewa zaidi ya mara 1,000, na sehemu kubwa ya wanaoirejelea wanaipinga. Mashine ya kuhesabu haitofautishi anayekubali na anayekanusha. Wazazi waliogopa chanjo, na surua haikusubiri wanasayansi wamalize ubishi wao.

Ndiyo maana nawasihi msirejelee makala ambayo hamjaisoma mpaka mwisho, na kabla ya kuirejelea mwangalie kama haijafutwa. Takwimu za uchunguzi mmoja msizikatekate ziwe makala tano zenye njaa. Jina la mkubwa ambaye hakufanya kazi msiliweke, na la kijana aliyevuka mito kukusanya sampuli msilitoe. Mkumbuke pia kwamba makala ya 1977 iliyotangaza muundo wa artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka kwa jina la kikundi bila jina la mtu yeyote. Tu Youyou, aliyeongoza ugunduzi wa dawa hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mkiandika wasifu wenu, kando ya hesabu wekeni aya moja inayosema kazi yenu imebadilisha nini: mwongozo gani wa tiba, kipimo gani, ratiba gani ya chanjo. Nanyi mkija kuketi katika kiti nilichokikalia, fungueni andiko kwanza, na ombeni wenzenu walifungue. Yule mtafiti wa kichaa cha mbwa hakuelezwa sababu ya kuachwa. Nimemwandikia barua yake mwenyewe, na nimeituma kabla ya hii.

Mzee wenu katika kazi