Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikono Kabla ya Glovu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mhazini, na ada inabaki ilivyokuwa. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotugombanisha mwaka mzima: brashi ya kusugulia mikono kabla ya upasuaji.

Wakubwa wetu kazini walifundishwa kusugua hadi viwikoni dakika 10, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Ndivyo walivyoelekezwa, siwalaumu. Lakini brashi huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka hufuga vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 hauipendekezi, wala hauoni haja ya dakika 10. Ule wa 2016 umetoa njia mbili: sabuni yenye dawa na maji, au kitakasa chenye spiriti kinachofaa kwa upasuaji. Chagua moja; kuzifuatanisha zote si uangalifu zaidi.

“Spiriti haitoi uchafu,” tumeambiwa kila kikao. Kweli, haitoi. Ndiyo maana ukiingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, unanawa kwanza kwa sabuni ya kawaida isiyo na dawa, unasafisha chini ya kucha, kisha unakausha mikono kabisa, kwani maji huzimua spiriti. Hapo ndipo unaijaza kiganjani, unachovya ncha za vidole vya mkono wa pili kwa sekunde 5, unapaka mpaka kiwikoni, halafu unabadilisha mkono. Ngozi ibaki imelowa muda wote ulioandikwa kwenye chupa, kisha ikauke yenyewe kabla ya glovu. Anayejifuta kwa taulo ili awahi, anaifuta dawa.

Utafiti wa Hospitali ya Kijabe, Kenya, uliochapishwa 2010, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 3,000. Maambukizi ya vidonda yalikaribiana sana kati ya waliohudumiwa kwa mikono ya spiriti na ya sabuni ya kawaida na maji. Wapo waliosema basi tubaki na bomba. Bomba lipi, jamani? Kwenye vituo vyetu maji yakikatika, mama anayesubiri kupasuliwa hawezi kungoja tangi lijae.

Pete, saa na kucha bandia ziishie chumba cha kubadilishia nguo, hata wiki ya harusi.

Kamati ijayo ifuatilie vishikio vya chupa vya kubonyeza kwa kiwiko. Vilivyopo sehemu nyingi hubonyezwa kwa kiganja, na kitakasa chenyewe mara nyingine ni kile cha mapokezi, si cha upasuaji.

Wenu,
Mwenyekiti